Pasi ya makaa, pasi ya stima au dobi: hesabu ya Ziwa

Mtu akiingia duka la vyombo kutafuta pasi, huanza kwa kuuliza bei. Hilo lingekuwa swali la tatu. La kwanza ni nguo gani zinamngoja nyumbani, na la pili ni maji kiasi gani bado yamo ndani ya nguo hizo anapozitandaza mezani. Hapa Ziwa, kaskazini mwa Eldoret, maswali hayo mawili ndiyo yanayokula pesa. Mvua ya Uasin Gishu ikishafungua mwezi wa Machi au Aprili haina haraka ya kuondoka hadi Septemba. Mahindi yanaipenda, shati jeupe la shule haliipendi. Linaanikwa alfajiri, linaanuliwa jioni, na ukilishika kwenye kola bado ni baridi.

Tuanze na stima, kwa sababu ndiyo inayoogopwa zaidi kuliko inavyostahili. Pasi kavu ya kawaida, ile isiyotoa mvuke, huandikwa wati 1000 au 1200. Wati 1000 kwa saa nzima ni uniti moja ya tokeni. Lakini pasi haivuti stima saa nzima. Ndani yake mna kidhibiti joto kinachokata moto ikishapata joto na kuurudisha inapopoa, ndiyo maana kile kitaa chake kidogo huwaka na kuzima. Kwa nguo zilizokauka vizuri, kadiria nusu hadi theluthi mbili za uniti kwa saa. Bei ya uniti haitulii. Gharama ya mafuta na mabadiliko ya fedha za kigeni huipandisha na kuishusha mwezi hata mwezi, na VAT ya asilimia 16 inakaa juu yake. Usimwulize jirani. Chukua ujumbe wa tokeni yako ya mwisho, gawanya pesa ulizotuma kwa uniti ulizopata, hiyo ndiyo bei yako. Hapa nitatumia shilingi 28 kwa uniti ili hesabu iende, nawe uweke yako.

Kwa shilingi 28, saa moja ya pasi ni kati ya shilingi 14 na 19. Nguo 20 zikipita katika saa hiyo, kila moja haijafika shilingi moja. Hapo ndipo wengi hushtuka, maana kwenye mazungumzo ya mtaani pasi ya stima huwekwa kundi moja na koili ya kupikia.

Ila koili na pasi zina ndugu mmoja, nayo ni tabia ya kuwasha kila mara. Chukua nyumba ya watu wanne wanaovaa nguo iliyopigwa pasi siku tano kwa wiki. Nguo ni zilezile 20. Kila mtu akichomeka pasi kwa wakati wake, dakika tatu za kuipasha zinaliwa kabla shati halijaguswa, kisha dakika nyingine za kunyoosha, na jumla ni karibu sehemu moja ya kumi ya uniti kwa kila nguo. Mara 20, ni uniti mbili kwa wiki, shilingi 56. Zikipigwa zote Jumapili jioni kwa mkupuo mmoja, shilingi 18 zinatosha. Kwa mwezi tofauti inapita shilingi 150, na si hizo tu. Kenya Power hutoza bei ya chini kabisa nyumba ambayo wastani wake hauzidi uniti 30 kwa mwezi. Boma dogo lenye taa, redio, simu na televisheni huweza kukaa chini ya mstari huo bila kujitahidi, na uniti karibu sita za ziada za pasi ya kila asubuhi zikatosha kulivusha upande wa pili, ambako kila uniti, hata ya taa ya choo, ina bei kubwa zaidi.

Sasa maji. Shati la pamba lililoanuliwa likiwa bado bichi linaweza kubeba gramu 150 za maji, zaidi kidogo ya nusu kikombe. Kuyageuza maji hayo kuwa mvuke hutaka karibu uniti moja ya kumi, na hapo tumejidanganya kwamba joto lote la pasi linaingia kwenye shati wala halipotei mezani na hewani. Maana yake ni kwamba nguo mbichi inagharimu mara nne au zaidi ya nguo kavu, na inakula muda vivyo hivyo. Pasi ni mashine ghali ya kukaushia. Pamba hutaka unyevu kidogo ili ilainike, hilo ni kweli, lakini unyevu wa kunyunyizia kwa vidole ni kitu kimoja na shati linalotoa moshi wa mvuke kila pasi inapogusa ni kitu kingine.

Hapa mkulima wa Ziwa ana nafasi ambayo mpangaji wa Eldoret hana. Mwezi wa Julai mahindi yako shambani, yanatoa mbelewele, na ghala la boma liko tupu. Ghala la mbao zilizoachiwa nafasi, lililoinuliwa kutoka ardhini na kuezekwa mabati, lilijengwa ili upepo upite kwenye mahindi. Upepo huohuo hupita kwenye mashati. Fagia vumbi, funga kamba mbili ndani, na mvua ya saa nane mchana haikuhusu tena. Sijui kifaa chochote cha dukani kinachopunguza gharama ya pasi kwa kiasi hicho.

Makaa sasa. Pasi ya makaa ni sanduku la chuma lenye kifuniko, kishikio cha mbao, matundu ya hewa ubavuni, na mara nyingi komeo lenye umbo la jogoo. Ina uzito wa mara mbili au zaidi ya ile ya stima, na uzito huo ni faida: kwenye jinzi na kaki pasi inashuka yenyewe, mkono unaongoza tu. Aliyelelewa nayo anajua kuipeperusha mkono mbele na nyuma ili makaa yachangamke, kuidondoshea tone la maji kupima joto, na kuisugua kwenye jani bichi la mgomba iteleze. Anajua pia kwamba cheche moja ikitoka tunduni ikatua kwenye blauzi ya tetroni, blauzi imekwisha.

Mafuta yake ni makaa ya mti. Magunzi, ambayo baada ya mavuno yamejaa kila boma, yanafaa jiko lakini si pasi: yanawaka upesi, yanaisha upesi, na jivu lake jepesi linapeperuka moja kwa moja hadi kwenye kola. Makaa ya kununua tuseme ni shilingi 70 kwa mkebe wa kilo mbili, ule gorogoro wa kupimia mahindi, ingawa kwa makaa mkebe huo haubebi hata kilo moja. Kuwasha, kungoja yashike, kujaza pasi mara moja na kuongeza kidogo, mkebe unakwisha katika duru moja ya nguo 20. Shilingi 70 dhidi ya 18. Yaani makaa ya kununua kwa ajili ya pasi peke yake ni ghali karibu mara nne kuliko stima. Tangu serikali ilipopiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma na ya jamii, Februari 2018, bei ya makaa ilipanda, na hata baada ya Rais Ruto kutangaza Julai 2023 kwamba marufuku hiyo inaondolewa, mkebe haukurudi kuwa kitu cha bure.

Hesabu inageuka kabisa kama makaa ni yaliyobaki jikoni. Maharagwe yameiva, sufuria imeepuliwa, makaa bado ni mekundu: hapo pasi inakula kilichokwisha kulipiwa. Mama anayepika kwa makaa kila jioni na kuyahamishia kwenye pasi hatumii hata shilingi tano, na hakuna tokeni itakayomshinda. Kwa nyumba ya namna hiyo ningesema ibaki na pasi yake, isishawishiwe na mng'aro wa dukani. Kwa nyumba iliyohamia gesi, pasi ya makaa ni ya akiba.

Akiba yenyewe si mzaha. Agosti 25, 2023, siku ya Ijumaa, stima ilipotea karibu nchi nzima, na ikapotea tena Desemba 10 mwaka huohuo. Hizo ni baadhi ya zile zilizoingia kwenye habari. Upepo unaoangusha mti juu ya laini ya kijijini hautangazwi popote, na mtoto ana mtihani kesho. Wanunuzi wa vyuma kuukuu hupita wakiokota pasi za zamani kwa bei ya kilo. Chuma kizito kilichodumu miaka 40, kinachohitaji tu kishikio kipya cha mbao, kisiuzwe kwa pesa ya mkate mmoja.

Jambo moja la makaa halina mjadala. Ziwa iko juu, Eldoret yenyewe ikiwa mita 2,100 hivi kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Julai watu hufunga mlango na dirisha. Makaa yakiwaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, na yasiyotoa moshi ndiyo yanayodanganya zaidi. Jiko na pasi ya makaa vikae barazani au mlango uwe wazi, hata kama mikono inakufa ganzi.

Zamani hapakuwa na chaguo la namna hii. Wachina walinyoosha hariri kwa sufuria ndogo zenye makaa karne nyingi kabla ya Ulaya kuwa na masanduku yake ya chuma. Pwani yetu, kanzu na marinda ya wageni yalipita kwa madobi, wengi wao wenye asili ya India, waliofua, wakatia wanga na kupiga pasi kwa makaa. Kwenye mashamba ya walowezi huku juu, baada ya Makaburu kufika Uasin Gishu mwaka 1908 na magari yao ya maksai, pasi ilikuwa kazi ya mtumishi, na kaptula ya kaki yenye wanga na mkunjo mkali ikawa sare ya mtu wa serikali. Nadhani kutoka hapo tulirithi imani kwamba nguo yenye makunyanzi ni dalili ya mtu asiye na adabu. Marekani, Henry Seeley alipata hataza ya pasi ya umeme mwaka 1882, wakati ambapo hata nyumba za huko zilikuwa hazina umeme wa kuichomeka. Kwa mashambani Kenya hali ilikuwa hivyo hadi juzi: ni mwaka 2015 ambapo ada ya kuunganishiwa stima iliteremshwa kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000 chini ya mpango wa Last Mile. Hakuna anayevuta stima kwa sababu ya pasi, lakini ikishaingia, pasi huwa miongoni mwa vitu vya mwanzo kununuliwa.

Turudi kwenye swali la kwanza, nguo gani. Hapa pesa hutoka bila kuonekana kwa sababu hutoka kwenye duka la vitambaa. Pamba tupu hutaka joto la nukta tatu, nyuzi 200 hivi; poliesta hutaka nukta mbili, karibu 150; nailoni na akriliki nukta moja, 110. Pamba hukunjamana kwa sababu nyuzi zake hunywa maji, maji hulegeza vishikizo vidogo vidogo vilivyomo ndani yake, nazo zikikauka hushika umbo lolote zilimokaa. Pasi hulegeza vishikizo hivyo kwa joto na unyevu, na vinashika upya nguo inapopoa. Ndiyo sababu shati lililovaliwa likiwa bado moto hukunjamana kabla hujafika stendi ya matatu. Litundike dakika tano. Ushauri huu ni wa bure na haufuatwi.

Poliesta ni habari nyingine: marinda yaliyotiwa kiwandani kwa joto kali hubaki, na sare iliyochanganywa pamba na poliesta hutoka kwenye kamba ikihitaji kuguswa tu, ikiwa ilianikwa kwa kunyooshwa. Mzazi mwenye watoto watatu shuleni anayechagua mchanganyiko badala ya pamba tupu amepunguza kazi ya pasi hata zaidi ya yule aliyenunua pasi bora. Nasema hivyo kwa uchungu kidogo, maana Eldoret ni mji wa kiwanda cha pamba. Kiwanda cha nguo cha Rivatex kilianzishwa huko miaka ya 1970, kikaanguka, kikachukuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007 na kuzinduliwa upya mwaka 2019, na kitambaa cha pamba kwenye ngozi ni raha ambayo poliesta haijaifikia. Basi raha hiyo iwe ya shati la kanisani, sare iwe ya mchanganyiko. Sweta haihitaji pasi hata kidogo, na anayeipiga pasi sweta ya akriliki ataibandua mezani.

Halafu kuna suti ya Kaunda, ambayo Rais Ruto, mtoto wa Sugoi, si mbali na hapa, aliirudisha kwenye picha za Ikulu mwaka 2023, hadi Spika Wetang'ula akaipiga marufuku bungeni Novemba ya mwaka huo.  Lakini suti hiyo haina koti la kuficha shati: mfuko, mkono na mgongo vyote viko wazi, na kitambaa chake kikiwa cha mchanganyiko wa sufu hung'ara vibaya kikiguswa na pasi tupu. Weka kitambaa chembamba cha pamba chenye unyevu katikati. Au mpelekee dobi.

Dobi ana mahali pake, ila si pale wengi wanapomweka. Tuseme anatoza shilingi 40 kwa nguo. Mashati matano kwa wiki ni shilingi 200, na kwa mwezi zaidi ya 850. Pasi kavu ya shilingi 1,500 inajilipa kabla miezi miwili haijakwisha, na baada ya hapo mashati hayo hayafikishi shilingi 25 kwa mwezi za stima. Kinachobaki kwa dobi ni muda wako. Mwalimu anayerudi saa kumi na moja jioni na ana ng'ombe wa kukama anaweza kabisa kusema shilingi 850 ni haki, nami sitambishia. Ila kumpelekea dobi fulana na shuka ni kumpa pesa za kitu ambacho hakuna mtu atakayekiona. Mpelekee suti, kanzu ya harusi, gauni lenye lesi, vitu ambavyo ukiviunguza hakuna shilingi 40 itakayovirudisha.

Wenye sola huuliza kama paneli zao zitabeba pasi. Paneli ya wati 50 ingehitaji saa kumi za jua kali kukusanya nusu uniti, yaani duru moja ya nguo, tena ikiwa betri na kigeuzi vina nguvu ya kusukuma wati 1000 kwa wakati mmoja, na vile vinavyouzwa pamoja na taa na redio havina. Hapo makaa bado ni mfalme. India, msichana aitwaye Vinisha Umashankar alibuni mkokoteni wa pasi unaotumia jua na kufika fainali za tuzo ya Earthshot mwaka 2021, kwa ajili ya madobi wa barabarani wanaotumia makaa. Ni kifaa cha mtu mwenye wateja wa kutwa nzima. Kwa boma lenye mashati kumi hesabu haifiki.

Ukiamua kununua ya stima, sioni sababu ya mvuke kwa nyumba ya kawaida ya Ziwa. Pasi ya mvuke ya wati 2000 ni nzuri kwa mapazia na suti, lakini ni ghali zaidi, ina vijitundu vinavyoziba, na chupa ya kunyunyizia maji inafanya sehemu kubwa ya kazi yake. Kama tayari unayo, itilie maji ya mvua ya tangi, hayana chumvi za kisima. Kwa pasi kavu, tazama waya kuliko rangi: uwe mnene, uliofunikwa kitambaa, na ulindwe pale unapoingia kwenye pasi, kwa sababu hapo ndipo hukatika kwanza. Tafuta alama ya ubora ya KEBS. Plagi iwe ya pini tatu bila mtu kuikata moja. Pasi ya wati 1000 kwenye stima yetu ya volti 240 huvuta ampea nne na kitu, ya wati 2000 hupita nane, na eksteni nyembamba za bei ya chini, zilizotengenezwa kwa chaja na redio, huyeyuka zikibebeshwa hiyo ya pili. Chomeka ukutani. Pasi ikiacha kupata moto usiitupe. Fundi wa redio sokoni ataangalia waya na kidhibiti joto kabla ya elementi, na mara nyingi tatizo ni hilo la bei ndogo.

Na kwa kijana anayetoka Ziwa kwenda kupanga Eldoret kwa ajili ya chuo au kazi, kuna bei ambayo haiandikwi kwenye pasi. Plot nyingi ambazo kodi inajumlisha stima hukataza pasi na koili, na zile zenye mita ndogo ya kila chumba wakati mwingine hutoza uniti kwa bei ya mwenye nyumba, si ya Kenya Power. Uliza yote mawili kabla ya kulipa deposti, na ujibiwe kwa maandishi.